Perugia siku mbili na mama, ataweza?

Wadau habari, mwezi wa tisa nitakuwa Roma kikazi na mama atakuja, tunataka kupanda treni hadi Perugia siku mbili maana napenda sana michoro ya zamani, ila mji wenyewe uko juu kilimani na magoti yanamsumbua. Ataweza kweli?

msafiri_tanga: Ataweza kaka, usiogope. Stesheni iko chini, mpande Minimetrò, vile vibehewa vidogo vinawafikisha karibu kabisa na katikati. Halafu kuna ngazi za umeme zinapita ndani ya Rocca Paolina, ngome ya Papa Paulo III iliyojengwa juu ya nyumba za watu, vichochoro vyao bado vipo humo chini, mimi nilisimama pale nikanyamaza tu.

bi_shamba: Palazzo dei Priori, lile jumba la zamani la mjini, msiikose, humo kuna Galleria Nazionale, jumba la sanaa lenye michoro ya wachoraji wa zamani Perugino na Piero della Francesca, ipeni nusu siku. Nje ni Fontana Maggiore, chemchemi ya mawe ya 1278, mama atapenda, imechongwa kazi za kila mwezi, watu wanavuna, wanakamua zabibu, ni maisha ya shamba kabisa.

msafiri_tanga: Na chakula, muonje torta al testo, mkate bapa wa kwenye chuma cha moto, hujazwa nyama ndani, kama hamli nguruwe ombeni ya mboga na jibini. Mkate wao wa kawaida hauna chumvi, msishtuke.

muulizaji: Asanteni jamani, nakata tiketi leo.