Mungu wa Aristotle anasogezaje mbingu bila kuzigusa?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, nimekwama Metafizikia ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kitabu cha 12, sura ya 7. Mungu wake, Asiyesogezwa na chochote, anasogezaje vingine? Nimepigia mistari mpaka penseli imeisha ncha.

Mzee wa Pembeni: Hasukumi, mkuu. Anavuta, kama mpendwa anavyomvuta ampendaye, naye ametulia tuli.

Msomaji wa Usiku: Kumbe! Na sisi je, anatuwaza?

Mzee wa Pembeni: Wapi! Soma sura ya 9: anawaza kuwaza kwake tu.

Binti Hoja: Hapo ndipo Plotinus, mwanafalsafa wa karne ya 3 BK, alipombana Aristotle. Ukijiwaza tayari mko wawili, mwenye kuwaza na kinachowazwa. Kwa Plotinus, chanzo cha vyote, anachokiita "Mmoja", kiko juu hata ya fikra.