Sanaa ya taa Australia: lugha za wenyeji wa asili zinarithishwa au zinauzwa?

Mkaaji wa Parramatta: Tangu 2017, mapaa ya mashariki ya Jumba la Opera la Sydney, yaliyojengwa kama matanga ya mashua, humulikwa jioni kwa onyesho liitwalo Badu Gili, maneno ya Kigadigal, lugha ya wenyeji wa asili wa Sydney, yenye maana ya maji na nuru. Nilisimama pale na wanangu, tukatazama kazi za wasanii kama Lin Onus na Minnie Pwerle zikitambaa ukutani bila kutozwa hata senti, na mdogo wao akarudi nyumbani akiomba "badu" ya kunywa. Je, hiyo ni njia ya kurithisha lugha, au ni pambo la watalii?

Kibatari: Neno moja halimfanyi mtu msemaji, ndugu yangu, hata mwenye duka la zawadi analo neno moja. Nenda Uluru, lile jabali kubwa la katikati ya Australia, ukaone vijiti 50,000 vya taa vilivyotandazwa jangwani na Bruce Munro, Mwingereza, kisha vikapewa jina la Kipitjantjatjara, Tili Wiru Tjuta Nyakutjaku, yaani kutazama taa nyingi nzuri. Jina la wenyeji, kazi ya mgeni, tiketi ya hoteli. Baadaye huyohuyo akarusha droni zaidi ya elfu moja kusimulia hadithi ya Mala, wahenga wa huko. Zamani mwizi alipenda giza.

Bi Mwanakombo: Mwanangu Kibatari, droni si za Munro. Hilo ni onyesho jingine, Wintjiri Wiru, lililoanza 2023, na hadithi ya Mala inayosimuliwa humo, kuanzia mahali paitwapo Kaltukatjara hadi Uluru, ni amana ya Waanangu wenyewe, wenyeji wa asili wa Uluru, ambao walishirikishwa katika kuiandaa na ambao lugha zao, Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, ndizo zinazosikika pale gizani. Lakini kilichonichoma ni hilo neno "mwizi". Njia ya kupanda Uluru ilifungwa tarehe 26 Oktoba 2019 kwa sababu watu haohao walishikilia msimamo wao. Wanajua kukataa.

Kibatari: Shikamoo, Bi. Kosa la droni nalikubali. Ila sikusema kwamba hawajui kukataa. Walirudishiwa ardhi yao 1985, na njia ile ikaachwa wazi kwa miaka 34 huku wakiwaomba wageni wasipande. Kukataa kwao kulikuwepo muda wote. Waliokosekana ni wasikilizaji.

Mkaaji wa Parramatta: Tiketi mmezikuza mno. Tamasha la Parrtjima kule Alice Springs, katika ardhi ya Waarrernte, lilianza 2016, humulika zaidi ya kilomita mbili za safu ya milima, na kiingilio ni bure.

Mzee Shaibu: Mnaongelea bure na mmesahau 2018, jumba hilo la Opera lilipotumiwa kutangaza mbio za farasi, mamia ya maelfu wakatia saini kupinga, na wengine wakaja na tochi kuivuruga picha. Ukuta unaokodishwa kwa farasi utalindaje lugha ya mtu?

Kibatari: Mzee wangu, umenisaidia bila kukusudia. Tochi zile zilitetea jengo. Sijasikia tochi zilizowashwa kutetea Kigadigal.

Mzee Shaibu: Sikukusaidia, kijana. Nilisema habari za farasi.

Msomaji wa London: Naomba turudi kwenye lugha. Mengi yanayojulikana kuhusu lugha hiyo ya Sydney yametoka katika madaftari ya Mwingereza, Luteni William Dawes, aliyefundishwa na binti aitwaye Patyegarang kabla Dawes hajaondoka 1791. Madaftari hayo yamehifadhiwa SOAS, chuo cha huku London ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Humo mna neno "putuwa": kuota moto mkono wako, kisha kuvibana taratibu vidole vya mwenzako. Mnadhani neno kama hilo litamulikwa vipi juu ya tanga la zege, wakati mwenyewe wa kukubana vidole hayupo?

Mkaaji wa Parramatta: Nimewasomea wanangu ujumbe wako. Tangu hapo wanabanana vidole mbele ya jiko la umeme, na mimi sijui kama hilo lahesabika.

Bi Mwanakombo: Lahesabika. Na mimi bado nasubiri Kibatari alifute lile neno.