Tupeane uzoefu: mapishi ya kujaribu na maua ya uani

Asmini wa Ngamiani

Wapendwa, hamjambo. Leo Jumapili nimekaa kwenye kigoda uani, mikono inanuka iliki na udongo kwa pamoja, nikaona nianzishe uzi huu. Najua humu tupo wengi ambao tukipata siku ya kupumzika hatuendi kokote. Tunajaribu pishi tulilolisikia kwa mtu, na chungu kikiwa motoni tunatoka nje kupalilia maua. Hebu tusimuliane. Ila sitaki yale ya "ilitoka vizuri sana" peke yake, na yaliyoungua myalete.

Naanza mimi. Ua wangu hauzidi hatua nane kwa sita. Kuna mwasmini uliotambaa ukutani, aliupanda marehemu bibi, kuna mirehani miwili mitatu, mwaridi mmoja mwenye maringo, na choya niliyoisia mwaka huu. Bibi alikuwa na kawaida ya kutupia asmini chache juu ya maji ya mtungi. Unainua kata, harufu inakufikia kabla ya maji. Mwezi uliopita nikajiuliza, kama maji yanashika harufu, sukari je?

Basi saa kumi na moja jioni nikachuma matumba, yale meupe yaliyonenepa ambayo hayajachanua. Asmini huchanua usiku, ukisubiri asubuhi unaokota yaliyodondoka na harufu ishakwenda zake. Nikapanga kwenye chupa: tabaka la sukari, tabaka la maua, hadi juu, nikafunga. Asubuhi nafungua, wallahi kama chumba cha bi harusi. Lakini sukari imelowa chepechepe mithili ya mchanga wa pwani maji yakikupwa, maana ua lina maji yake na yote yalihamia humo. Nikaianika kwenye ungo. Sisimizi wa mtaa mzima wakapata habari.

Iliyosalimika nikaitia kwenye mkate wa kumimina. Mchele nusu kilo uliolala kwenye maji, tui zito la nazi mbili, hamira kijiko cha chai, iliki, ute wa mayai mawili. Shoga yangu aliniambia niache saa moja uumuke. Mie nikatoka kumwagilia, nikaukuta mwaridi umejaa vidukari, nikakaa kuvifuta jani kwa jani na maji ya sabuni. Narudi jikoni yamepita masaa mawili na nusu. Na joto la kaskazi mnalijua. Rojo lilikuwa limepanda likamwagika, kisha likanywea, linanuka ukali kama tembo la jana. Nikalazimisha. Nikapalia makaa juu na chini, ukatoka mkate umebonyea katikati kama kiti cha daladala. Mama mkwe akala kipande, akatafuna taratibu, akasema: "Mwanangu, harufu imefika peponi. Mkate ndio bado uko njiani."

Sasa hivi sihangaiki na sukari. Natengeneza shira ya kalimati, nikishaipua natupia matumba kiganja kimoja, nafunika dakika kumi, nayatoa. Msiyachemshe, yakichemka yananuka mboga. Na rojo la mkate, kwa joto letu, silipi zaidi ya dakika arobaini. Nikiona vipovu vimetanda juu, motoni.

Haya, nani anafuata?

---

Bachela wa Chumbageni

Dada nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Yangu mafupi. Nilijaribu maandazi kwa kuangalia video. Yule mpishi kasema "maji ya vuguvugu", mie nikamimina ya moto kabisa nikijua nayaharakisha. Kumbe hamira imekufa papo hapo. Maandazi yalitoka magumu, moja nimelitumia wiki nzima kuzuia mlango usijifunge.

Bustani yangu ni ndoo moja ya rangi yenye mwaridi niliopewa na mama. Kila akipiga simu anaulizia mwaridi kwanza, mimi baadaye.

---

Pipa la Raskazone

Hongera kwa uzi. Mimi nazungumzia maji tu, kwa sababu yaliniumiza miaka miwili.

Huku karibu na bahari kisima changu kina chumvichumvi. Mtu hanywi, lakini nikajua maua hayana ulimi. Kila nilichopanda kilianza kukauka pembeni mwa majani, ukingo unakuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, halafu linafuata jani zima. Nikaongeza maji nikidhani ni kiu, kumbe naongeza chumvi. Nilimwaga samadi, nikanunua mbolea, wapi. Siku moja fundi wa bati akaniuliza kwa nini naacha maji ya masika yaende barabarani. Nikaweka mfereji wa paa na mapipa mawili. Mvua yenyewe ikaosha ule udongo, na kiangazi nikaanza kumwagilia ya pipa. Mirehani ikarudi. Bogenvilia peke yake ndiyo haikuwahi kulalamika, ile hata ukiitukana inachanua.

Jikoni sijui kitu, mke wangu kanipiga marufuku tangu nilipoweka mdalasini kwenye mchuzi wa changu.

---

Shangazi wa Makorora

Pipa, mdalasini kwenye changu! Mkeo ana subira.

Asmini mwanangu, mimi nimekuja kuungama kuhusu machicha ya nazi. Kwangu nazi inakunwa kila siku, wali, maharage, kisamvu, kwa hiyo machicha hayakosekani. Nikaona kuyatupa ni israfu, nikayazungushia kwenye mashina ya waridi, mabichi vilevile. Kesho yake alfajiri nasikia vishindo uani. Kuku wa jirani, saba na jogoo wao, wameshachimbua hadi mizizi iko hewani. Nikawafukuza. Usiku wakaja panya. Siku ya tatu siafu. Mashina matano ya waridi, nimebaki na mawili.

Siku hizi nimechimba shimo pembeni, natia machicha, maganda ya ndizi, majani makavu, nyunyiza majivu kidogo, funika udongo, kisha tena juu yake. Ikishakuwa nyeusi na haina harufu ndiyo natia kwenye maua. Na makumbi ya nazi nayachambua nayatandaza juu ya udongo, yanashika unyevu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua dukani.

---

Mama Machungwa

Salamu kutoka Muheza, ambako msimu ukikolea machungwa tunagawiana kama salamu. Nilitaka kusema la choya kwa kuwa Asmini kaitaja.

Mimi nilipanda mistari miwili nyuma ya choo kwa ajili ya uzuri tu, lile ua lake la manjano mpauko lenye jicho jekundu linanivutia. Baadaye nikaambiwa kinacholiwa si lile ua, ni vile vikombe vyekundu vinavyobaki kukumbatia tunda ua likishanyauka. Uvichume vikiwa bado laini, ukichelewa vinakuwa kama ngozi. Juisi yake wote tunaijua, mimi nikataka jemu.

Mara ya kwanza nilichemsha kwenye sufuria ya alumini. Rangi ikafifia, ikawa zambarau chafu, na mdomoni unasikia kama umelamba funguo. Choya ni kali, ile asidi inakula alumini. Mara ya pili nikatumia chungu cha udongo. Na siri niliyopewa: yale matunda ya kijani yaliyomo ndani ya vikombe usiyatupe. Yachemshe peke yake na maji kidogo, yatatoa utelezi, ukichuja ndio unaofanya jemu igande. Halafu kila kikombe cha choya iliyoiva, kikombe cha sukari. Nikatia na maji ya chungwa moja na maganda yake niliyoyakata nyembamba kama nyuzi.

Nilijaribu kwa kudondosha tone kwenye kisahani cha baridi. Nikalisukuma kwa kidole, likajikunja. Hapo hapo nikaipua. Wanangu wameimaliza kwa chapati, chupa tatu, ndani ya siku tano. Hakuna aliyeniachia hata ya kupiga picha.

---

Mvuvi Mstaafu, Bagamoyo

Watani wa Tanga, nami nimo. Nilisikia papai bichi linalainisha nyama, nami nina mpapai nyuma ya nyumba umezungukwa na maua ya binti yangu. Nikachukua pweza wa kilo mbili, nikamkatakata, nikamsugua na papai bichi la kukuna, nikamwacha usiku kucha. Mawazo yangu ni kwamba pweza mgumu, apewe muda.

Asubuhi nafunua bakuli. Hakukuwa na pweza. Kulikuwa na kitu kama uji wenye vikombe vikombe. Binti yangu akauliza kama ni dawa ya maua.

Papai lina nguvu jamani, nusu saa inatosha. Au fanyeni kama tulivyofundishwa na wazee, mpige kwenye jiwe, mchemshe kwa maji yake mwenyewe bila kuongeza hata tone, yakikauka ndio tui lifuate.

---

Wifi wa Donge

Nimesita kuandika hii lakini kwa vile tunaaminiana.

Nilikuwa na wageni, ndugu wa mume wangu. Nikapika biriani, nikaona nilipambe sinia kama nilivyoona kwenye picha, maua juu ya wali. Nina ua la alamanda linapanda kwenye geti, manjano ya kung'aa kama tarumbeta. Nikayachuma, nikayapanga kuzunguka sinia. Lilipendeza, nakwambia! Nimelibeba hadi mlangoni mwa sebule, mama yangu mzazi ananitazama, akaja akalichukua sinia mikononi mwangu bila kusema neno, akarudi nalo jikoni.

Kumbe utomvu wa alamanda unaendesha tumbo. Watu waliufanya dawa ya kuharisha. Fikiria mawifi sita na choo kimoja.

Ilibidi tuondoe tabaka lote la juu. Tangu hapo nikitaka kupamba natumia waridi la kwangu mwenyewe ambalo halijapigwa dawa, au mrehani. Ua nisilolijua halivuki kizingiti cha jiko.

---

Asmini wa Ngamiani

Wifi, mama yako aombewe umri mrefu. Mvuvi, "uji wenye vikombe" umenimaliza.

---

Babu wa Bombo

Wajukuu zangu, naona mmetaja maua yote mkaliruka letu.

Mwaka 1984 nilikuwa baharia. Tukatia nanga Hamburg, baridi ya kukata masikio. Natembea naona kwenye dirisha la duka vyungu vidogo, maua ya zambarau, majani yana manyoya laini kama sikio la paka. Nikaingia nikamwuliza mama muuzaji hili ua gani, kwa Kiingereza changu cha melini. Akasema neno refu, Usambaraveilchen. Nikasikia "Usambara", milima yetu ya Tanga. Nikamwambia arudie. Nimevuka bahari zote hizo kwenda kuonyeshwa ua la nyumbani!

Baadaye nikajua habari yake. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akapeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa jina la huyo bwana. Sasa linauzwa dunia nzima, sisi wenyewe tunapanda maua ya plastiki.

Ninalo moja. Lipo kwenye kikombe cha chai kilichovunjika mkono, nimekitoboa tundu chini, linakaa dirisha la upande usiopigwa na jua la mchana. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulimwagia juu kama mchicha, majani yakaingia mabaka. Lipe maji kwenye kisahani, linywe kwa chini, baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Na msiende kung'oa msituni Amani, huko yamebaki machache. Jani moja la mwenzio, ukilichomeka kikonyo chake kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, litakuzalia vitoto.

Na kwa kuwa nimeshaanza: mnakijua kilua? Wataalamu walipokuja kukipa jina lao la kisayansi walichukua letu. Mti wenyewe unaitwa Mkilua fragrans. Hilo hawakutunyang'anya. Zamani mwanamke akitia kilua kimoja kwenye pindo la kanga, akipita unageuka shingo.

---

Bachela wa Chumbageni

Shikamoo babu. Naomba jani moja la hilo ua, nitalipeleka kwa mama aache kuulizia mwaridi.

---

Babu wa Bombo

Marahaba. Njoo nalo andazi lako moja, mlango wangu wa nyuma nao unajifunga.

---

Shangazi wa Makorora

Asmini, mimi ombi langu ni kipandikizi cha huo mwasmini wa bibi. Nilikuwa nao ukafa mwaka ule wa ukame. Unakatwa namna gani?

---

Asmini wa Ngamiani

Shangazi, nakata tawi lisilo changa sana wala lisilokomaa kuwa kuni, urefu wa kalamu, natoa majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Usilivutevute kuangalia kama limeota mizizi, ndivyo nilivyoua matatu ya kwanza. Likitoa jani jipya ndio ujue.

Nimeshakukatia manne. Pita kesho alasiri na kopo lako. Kalimati zitakuwepo, ila uwahi, mama mkwe amesema anakuja kuangalia kama mkate umefika.