Antivirusi kukagua baruapepe: inazuia barua kuingia au inasingiziwa? Tupeane uzoefu

Kebo_Nyeusi
Wakuu, suala hili halikauki: barua ipo kwenye seva, programu ya barua inazunguka weee, mwisho inatoa kosa. Mmoja anasema zima antivirusi, mwingine anasema ukizima umejimaliza. Anayelijua aweke hatua na namba. Habari za "mimi yalinikuta" tuziache kwa leo.

Poti993
Kabla ya kuigusa antivirusi, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari. Barua ikikosekana hata huko, antivirusi ya kompyuta yako haina kesi. Tazama folda ya barua taka, kikasha kilichojaa, au kifaa kingine kinachovuta kwa POP3 (njia ya kushusha barua kutoka seva kuja kwenye kifaa) na kufuta kwenye seva. Ikionekana huko lakini haishuki, basi kuna kizuizi njiani, na antivirusi inakaa palepale njiani.

Inavyofanya kazi ni hivi: programu ya barua inadhani inaongea na seva, kumbe inaongea na antivirusi, nayo ndiyo inayoongea na seva. Kwenye poti (milango ya muunganisho) 110 ya POP3 na 143 ya IMAP (njia ya kusoma barua zikibaki kwenye seva), zisizo na usimbaji, haina kazi kubwa. Kwenye 995 ya POP3 na 993 ya IMAP kuna TLS (usimbaji wa muunganisho), kwa hiyo inalazimika kuifungua, kusoma barua, kisha kuifunga upya kwa cheti (hati ya kidijitali ya utambulisho) chake yenyewe. Cheti hicho inakiweka kwenye hifadhi ya vyeti ya Windows. Programu ya barua ya Outlook inaisoma hifadhi hiyo, inaridhika. Ile ya Thunderbird ina hifadhi yake; ikiwa haikijui cheti hicho, inagoma. Ndiyo maana kwenye mashine moja Outlook inapokea na Thunderbird haipokei, watu wanailaumu Thunderbird bure.

Kuhakikisha, ukiwa na programu ya openssl, andika kwenye dirisha la amri:

openssl s_client -connect jina-la-seva:993

Soma mstari wa issuer (aliyetoa cheti). Ukikuta jina la antivirusi, mhusika umempata. Ukikuta cheti halali cha seva usiiondolee antivirusi lawama haraka, maana baadhi zinakagua tu programu za barua zinazozitambua. Hapo soma aliyetoa cheti ndani ya dirisha la onyo la Thunderbird lenyewe.

Fundi_Usiku
Nyongeza kuhusu muda. Barua yenye kiambatisho kizito inaweza kuzuiliwa na antivirusi mpaka ishuke yote na ikaguliwe. Muda wote huo programu ya barua haipati kitu au inadondoshewa baiti chache, inachoka kusubiri. Outlook husubiri dakika 1, na unaweza kuipandisha hadi 10 kwenye mipangilio ya juu ya akaunti. Thunderbird ni sekunde 100, mpangilio wake unaitwa mailnews.tcptimeout. Makosa ya Outlook yanayoashiria hali hii ni 0x800CCC19 na 0x8004210A. Lile la 0x800CCC0F ni muunganisho kukatwa katikati.

Barua zilezile kushuka mara mbili, mara tatu? Kwenye POP3 seva hufuta barua baada tu ya kupokea amri ya QUIT. Muunganisho ukikatika kabla ya hapo, hakuna kilichofutwa, na safari ijayo zinaweza kushuka upya.

Mlinzi_wa_Lango
Sawa, lakini mkizima ukaguzi kirusi cha kwenye kiambatisho anakikamata nani?

Fundi_Usiku
Ulinzi wa faili wa wakati wote, mkuu, na huo hatuuzimi. Kiambatisho ndani ya barua ni maandishi ya base64 (faili iliyogeuzwa kuwa herufi), hayaendeshi chochote. Ukikihifadhi au kukifungua kinakuwa faili kwenye diski, na hapo ndipo kinapodakwa. Jaribu kwa faili ya EICAR (faili ya kupimia antivirusi), herufi 68 tu, haina madhara. Jitumie, kisha jaribu kuihifadhi. Isipodakwa, tatizo lako ni kubwa kuliko baruapepe.

Mlinzi_wa_Lango
Na barua za kilaghai zenye kiungo tu, bila faili?

Poti993
Hapo una hoja. Ulinzi wa faili hauoni kiungo. Kinachobaki ni kichujio cha seva na ulinzi wa kivinjari unapobofya. Seva isiyo na kichujio cha maana, fikiria mara mbili kabla ya kuzima.

Folda_Moja
Wa Thunderbird msisahau hili: kwa kawaida Inbox nzima ni faili moja. Ulinzi wa faili ukikuta barua moja yenye kirusi humo, unaweza kuipeleka faili yote karantini, na barua za miaka zikapotea machoni. Ondoa folda za Mail na ImapMail kwenye ukaguzi (zipo chini ya %APPDATA%\Thunderbird\Profiles), kisha kwenye mipangilio ruhusu antivirusi itenge barua mojamoja zinazoingia. Hapo kila barua ya POP3 inapita kwanza kwenye faili ya muda kabla ya kuingia Inbox. Nakala rudufu weka vilevile.

Kebo_Nyeusi
Nikibofya "simamisha kwa dakika 10" kipimo kimetosha?

Poti993
Hakitoshi. Mara nyingi kichujio cha mtandao kinabaki kimepakiwa. Fungua kisakinishi cha antivirusi, chagua kurekebisha, ondoa sehemu ya barua peke yake, washa upya mashine. Halafu jaribu barua ileile iliyokwama, si nyingine nyepesi.

Kwa wa IMAP: barua zikiingia tu ukibofya kupokea, huenda antivirusi inakata muunganisho wa IDLE (unaoachwa wazi ili seva itoe taarifa ya barua mpya) uliokaa kimya. Programu hutakiwa kuihuisha IDLE walau kila dakika 29, na mkaguzi wa katikati anaweza kuwa na subira fupi zaidi. Weka ukaguzi wa barua mpya kila dakika 5.