Naomba ushauri: tuchome nyasi mapema au tusubiri? Hofu yangu ni methani

Wakuu, habari zenu. Niko Idodi, Iringa, jirani na Hifadhi ya Ruaha, na nimo kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Kila kiangazi moto unatupitia, na mwaka huu wajumbe wanataka tuchome wenyewe mapema, mwezi Mei au Juni, kabla moto mkali wa Septemba haujafika.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Methani, gesi inayoongeza joto la dunia, hutoka pale moto usipowaka vizuri, nao Mei nyasi juu zimekauka ila ukizishika shinani bado mbichi. Zinafuka moshi mweupe mzito kuliko kuwaka. Kiwango cha kimataifa ni gramu 2.3 za methani kwa kila kilo ya nyasi kavu iliyoungua, kwa hiyo hekta moja yenye tani 4 ikiteketea yote inatoa kama kilo 9. Si nyingi kwa jicho, lakini hapa mbuga haina mwisho. Singapore, nchi iliyo mji mtupu, hesabu hii haiwaumizi kichwa. Sisi inatuhusu kabisa.

Upande wa pili, moto wa mapema huacha mabaka mengi bila kuungua na miche ya miombo hupona. Naona faida hiyo ni kubwa, ila sina uhakika kama inafidia ule moshi.

Waliowahi kuchoma mapema Chunya, Mbarali au Pawaga: mlianza mwezi gani, saa ngapi za siku, na mlijuaje nyasi zimekauka vya kutosha?