Unukuzi wa sauti za madaktari, masijala au kusimba magonjwa: nianze na ipi?

Kalamu_Nyepesi
Habari za humu wakuu. Nina cheti cha ukatibu, nachapa maneno 70 kwa dakika, na nataka kuhamia upande wa afya. Nimeona njia tatu: unukuzi (daktari anarekodi sauti, wewe unaandika ripoti), masijala ya hospitali kwenye majalada ya wagonjwa, au kusimba magonjwa, yaani kuyapa namba za ICD, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Ipi ina maisha marefu? Sitaki kutumia miaka miwili kusomea kazi inayokufa.

Sikio_Kali
Karibu mdogo wangu. Nimefanya unukuzi miaka 11. Kasi ya vidole ni jambo dogo, kazi yote iko sikioni. Daktari anaongea huku anatembea, mashine zinalia nyuma yake, nusu ya sentensi anaimeza. Unakanyaga pedali, unarudi sekunde tatu nyuma, unasikiliza tena. Dakika kumi za sauti mbaya zimewahi kunila saa nzima na zaidi.

Na silabi moja inamgeuza mgonjwa. Haipotensheni ni shinikizo la chini la damu, haipatensheni ni la juu, na daktari aliyechoka hayatenganishi mdomoni. Hapo unatazama vipimo alivyotaja na dawa aliyoagiza. Vikikataana, unaacha nafasi wazi, unaandika ni dakika na sekunde ya ngapi kwenye sauti, na daktari anajaza mwenyewe. Ukibahatisha, kosa lako litamfuata mgonjwa kila atakakotibiwa. Hata sifuri ina adabu yake: andika 5, usiandike 5.0, maana nukta ikififia mtu atasoma 50.

Malipo mara nyingi ni kwa mstari, na mstari kwa kawaida ni herufi 65 pamoja na nafasi. Programu za kutambua sauti zilipoingia, kampuni niliyokuwa nayo ilitugeuza wahariri na kukata malipo ya mstari karibu nusu, wakati rasimu mbovu ya mashine ilinichelewesha kuliko kuandika mwenyewe tangu mwanzo. Iliniuma sana, nikahama. Uhariri upo bado na unahitaji watu wazuri, lakini kazi ya kuchapa tu imepungua mno. Usiisomee hiyo peke yake.

Bi_Jalada
Wengi wanaidharau masijala, wanadhani ni kubeba makaratasi. Nikuonyeshe kitu kimoja, mwanangu. Jalada namba 45-62-18 hatulitafuti kuanzia 45. Tunaanza na jozi ya mwisho: rafu ya 18, ndani yake 62, kisha 45. Ukipanga kwa mfululizo wa kawaida, wagonjwa wapya wote wanarundikana rafu za mwisho na wahudumu mnagongana hapo hapo. Ukianza na jozi ya mwisho, majalada yanasambaa rafu 100 karibu sawasawa. Sasa mtu akiliweka rafu ya 81 badala ya 18, jalada limo chumbani na bado limepotea.

Limewahi kututokea. Mtoto aliletwa usiku, jalada halikuonekana, akafunguliwa jipya. Jipya halikuwa na neno hata moja kuhusu mzio wake wa penisilini. Mama yake alikumbuka, akasema, dawa ikabadilishwa. Asubuhi nilipekua rafu mpaka nikalipata. Tangu siku ile sipangi jalada nikiwa nazungumza na mtu.

Kompyuta haijaondoa shida hiyo, imeibadilisha sura tu. Jina likiandikwa kwa tahajia mbili, mgonjwa mmoja anakuwa watu wawili kwenye mfumo, na kuwaunganisha bila kuchanganya historia ya mtu mwingine ni kazi ya ofisi yetu.

Namba_B50
Mimi niko kwenye usimbaji, na hapo ndipo ningekupeleka. Mfano mdogo. Daktari akiandika "malaria" tu, kwenye ICD-10 ni B54, malaria isiyobainishwa. Akitaja kimelea chenyewe, Plasmodium falciparum, ni B50. Ikiwa imepanda kichwani, ni B50.0. Mgonjwa ni yule yule kitandani, lakini takwimu za magonjwa, na kwingine hata malipo ya bima, zinafuata namba uliyoweka. Na huruhusiwi kujaza usichokiona. Hata kama majibu ya maabara yanakupa picha, unamrudia daktari aandike.

ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022, na nchi zinahamia kila moja kwa mwendo wake. Anayejua ICD-10 vizuri na akaanza kuisoma mpya ana nafasi. Ila kama ndoto yako ni kufanyia kazi Marekani kwa mbali, wao wana toleo lao, ICD-10-CM, tangu Oktoba 2015, na waajiri wengi huuliza vyeti vya AAPC au AHIMA, vyama vya taaluma hii huko kwao.

Sikio_Kali
Namba_B50, mashine iliyotukuta sisi itawakuta na ninyi. Programu tayari zinapendekeza misimbo.

Namba_B50
Zinapendekeza, kweli kaka, na ninazitumia. Lakini jana programu ilisoma "hana dalili za nimonia" ikapendekeza nimonia. Niliiondoa mimi.

Mlango_Kimya
Niongeze moja kwa wanaotaka kufanyia nyumbani. Kompyuta isiwe ya familia, skrini isielekee mlangoni, na usipakie sauti ya mgonjwa kwenye programu za bure za mtandaoni eti zikusaidie. Siri hiyo si yako.

Kalamu_Nyepesi
Asanteni sana. Nimeelewa zote tatu zinadai lugha ya kitabibu kwanza, kwa hiyo naanza na anatomia na istilahi jioni, na mchana niombe masijala. Usimbaji nitaufuata nikiwa ndani, nikiona majalada yenyewe. Bi_Jalada, kwenye usaili wanauliza nini?

Bi_Jalada
Sisi tunakupa majalada kumi na saa ya ukutani. Chukua karatasi leo, andika namba kumi za jozi tatu tatu, uzipange kuanzia jozi ya kulia mpaka usisite. Na siku yenyewe ukikuta majalada mawili yanafanana majina, usiyaunganishe. Uliza tarehe ya kuzaliwa.