Siku nne na baiskeli: bonde la Mgeta, Soni–Lushoto au Kilombero? (tunaotokea Dar)

Kimara_Mwisho
Wakuu habari zenu. Mi na wenzangu wawili tumepata siku nne mwezi wa saba, tunataka kutoka na baiskeli, sio ile ya kuzunguka Kigamboni au kugusa Bagamoyo na kurudi, tunataka vilima, mto, vijiji, vumbi, na tulale huko huko. Mazoezi yetu yote ni ya Dar, tambarare, kilomita 60 Jumamosi tunapiga bila shida. Baiskeli ni mauntenibaiki za mtumba, tairi inchi 26, gia tatu mbele saba nyuma. Nimebaki na njia tatu kichwani na zinanichanganya. Kuna Mgeta, unakata Sangasanga pale barabara ya Iringa, unapita Mzumbe na Mlali ndo unaanza kupanda Uluguru. Kuna Mombo kwenda Soni na Lushoto. Halafu Kilombero, kuanzia Mikumi kushuka Kidatu, Mang'ula mpaka Ifakara. Aliyepita na baiskeli, sio na gari, naomba anipe ukweli wa miguu.

mtoto wa Ruaha
Kilombero mkuu, usijiulize mara mbili. Ukitoka Mikumi mpaka Kidatu kuna milima milima lakini kwa sehemu kubwa unashuka, ukifika Kidatu unakutana na mto Ruaha Mkuu, lile bwawa la umeme lipo hapo juu, megawati 204, halafu kutoka pale mpaka Ifakara kama kilomita 67 unatembea chini ya milima ya Udzungwa, ukuta wa msitu mkono wa kulia na miwa mkono wa kushoto. Mang'ula getini unalipa kiingilio cha hifadhi ya Udzungwa, na kutokea kijiji cha Sanje unaacha baiskeli unapanda kwa miguu kuona maporomoko ya Sanje, mita 170 yale. Ifakara unamalizia darajani, daraja la mto Kilombero la mita 384 lililofunguliwa 2018, zamani pale ilikuwa kivuko na watu wamepata shida sana. Ukisimama pale katikati ukaangalia maji utaelewa kwa nini nasema nenda.

Dada Baisko
Kilombero ni nzuri na nimeipenda lakini kaka kaomba vilima, na kutoka Kidatu kwenda mbele ile ni tambarare, milima unaitazama tu, huipandi. Pia mwezi wa saba ni msimu wa miwa, malori ya miwa yanakupita na vumbi na majani yanadondoka, inabidi ushuke barabarani kila mara. Na jambo moja naomba mlisikie vizuri, msijaribu kuendesha kile kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50, kuna tembo, nyati na simba na malori nayo yapo hapo hapo. Pandeni basi mpaka Mikumi mjini ndo mshushe baiskeli. Hata maeneo ya Mang'ula kuna njia ya tembo, wamejengewa mpaka kivuko cha kupita chini ya barabara, kwa hiyo jioni muwe mmeshafika mnapolala.

Mluguru wa Tabata
Mi natokea Mgeta, nimezaliwa Langali, ngoja niseme ninachokijua. Watu wanaogopa Mgeta kwa ajili ya ule mpando wa baada ya Mlali. Ule mpando ni mrefu, sikatai, lakini sio unaomaliza watu. Kinachomaliza watu ni vijito. Barabara zetu zinakumbatia mlima, na mlima una vijito vingi vinavyoshuka kuingia mto Mgeta, sasa kila kijito barabara inabidi iingie ndani ishuke mpaka kwenye daraja halafu ipande tena kutoka, dakika kumi baadae kijito kingine, unashuka unapanda, unashuka unapanda, unaangalia mbele unaona kijiji unachokwenda kipo pale pale ng'ambo kama unaweza kukigusa na una saa nzima ya kuzunguka. Mtu wa tambarare anashuka kwa kasi anafurahi, anafika chini na gia kubwa, cheni haiwezi kubadilika tena chini ya mzigo, anasimama katikati ya mpando. Badilisha gia ukiwa bado unashuka, kabla hujagusa daraja. Hilo moja tu litakuokolea siku.

Ila sasa hivyo vijito ndo vitu vya kuviona. Nyandira siku ya soko, alfajiri, utakuta vijana na kina mama wapo kwenye maji ya baridi mpaka magotini wanaosha karoti, wanazisugua kwenye gunia mpaka maji yanageuka rangi ya udongo halafu zinatoka zinang'aa, zinapakiwa zinakuja huku kwenu. Na maji yenyewe yanakuja huku. Mgeta inaingia Ruvu, na Ruvu ndo inachotwa pale kwenye mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inaletwa Dar. Mi nikifungua bomba Tabata nawakumbuka wa nyumbani kila siku.

Kuhusu zile ngazi za matuta mtakazoziona mashambani, zile ni za mboga, za siku nyingi. Upande wa Matombo Mwingereza alipolazimisha watu wachimbe ngazi, wazee walikataa mpaka zikatokea fujo 1955. Ukimkuta mzee muulize kwa adabu, atakusimulia.

FundiBuguruni
Kabla ya njia tuongelee chombo. Gia tatu mbele saba nyuma haitoshi kusema, hesabu meno. Kama ile ndogo kabisa ya mbele ina meno 22 na kubwa ya nyuma ina 34, kwa tairi la 26 mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.3, hapo unapanda umekaa. Lakini mitumba mingi inayoletwa kwangu nyuma inaishia 28, na mbele ile ndogo haiingii kabisa kwa sababu waya umekwama au kifaa cha kusukuma cheni kimejaa kutu, kwa hiyo mtu anabaki kwenye 42 mbele na 28 nyuma, ambayo ni zaidi ya mita tatu kila mzunguko. Kwa ile Jumamosi yenu ya kilomita 60 huwezi kugundua. Ukiwa na kilo 10 za mizigo kwenye mpando wa udongo utagundua mita mia ya kwanza.

Cha pili breki. Kama ni za mpira kwenye rimu, badilisheni mipira yote, na mkishuka msizikandamize moja kwa moja, bana achia bana achia, mbele na nyuma kwa zamu, rimu ikichemka sana tyubu inapasuka. Nilishaletewa tyubu iliyoyeyuka pale kwenye valvu, kijana alikuwa kashuka na mzigo bila kupumzika, akaanguka, bahati nzuri alianguka upande wa mlimani. Na mzigo ukae chini pembeni ya gurudumu, usiufunge juu ya keria ukapanda kama mnara, kwenye kona utawavuta.

Kimara_Mwisho
Fundi asante sana, nimeenda kuhesabu sasa hivi, yangu nyuma ni 28 kweli, na mbele ile ndogo haiingii. Yaani miezi yote hii naendesha sijui. Na Soni je? Naona watu wengi wa nje wanaenda Usambara na baiskeli.

Shangazi wa Korogwe
Mwanangu Soni ni lami. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33, barabara nyembamba imechongwa ubavuni kwa mlima, mto unausikia chini unanguruma, Soni ipo katikati na maporomoko yake unayaona ukiwa barabarani. Kwa mguu wa Dar hiyo ndiyo ningewapa, maana lami haikudanganyi, mpando unakuwa ule ule taratibu, na ukichoka kuna daladala na noah zinapita. Tatizo ni kona. Magari ya mboga na mabasi yanashuka kwa haraka na pembeni hakuna nafasi, kwa hiyo mpande alfajiri, saa kumi na mbili mmeshaondoka Mombo, na mvae nguo zinazoonekana. Mkifika Lushoto ndo mnaanza raha, mnaacha lami mnaingia njia za vijijini. Chukueni masweta, mwezi wa saba ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na mikono inakufa ganzi kwenye breki.

mtoto wa Ruaha
Nakubali Kilombero sio ya vilima. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo kwenye baiskeli bado nasema aanze pale.

Dada Baisko
Hapo kweli. Mi safari yangu ya kwanza yenye mzigo ilikuwa Mgeta na niliisukuma baiskeli nusu ya siku ya kwanza, na sijutii, wale jamaa wenyeji wanaobeba matenga ya nyanya kwenye Phoenix wanasukuma pia, wanapanda kwa miguu na kushuka kwa miguu, mmoja alinionyesha namna ya kusukuma mkono mmoja kwenye usukani mwingine nyuma ya siti, mwili umelala mbele, na nikaenda nae mpaka juu tunaongea.

Usafiri wa kwenda sasa. Treni ya SGR ipo tangu 2024 mpaka Moro lakini ulizeni kituoni kwanza kuhusu baiskeli, msitokee tu nayo. Mabasi yanabeba kwenye buti ila toeni gurudumu la mbele, pindeni usukani, na kile kichuma kinachoshika gia ya nyuma mkizungushie kadibodi. Yangu ilirushiwa magunia juu, nikafika Moro kichuma kimepinda, gia zote zinaruka, nikapoteza siku nzima nikitafuta fundi. Na upande wa kuwekea mizigo muwepo wenyewe wanapopakia na wanaposhusha.

Mluguru wa Tabata
Kulala: Nyandira na Langali mtapata sehemu, za kawaida. Mkikwama kijijini msifunge hema tu mahali mlipopapenda, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, jitambulisheni, semeni mnatoka wapi mnaenda wapi, mtapewa sehemu na pengine uji asubuhi. Maji ya vijito msinywe mabichi hata yakiwa meupe vipi, juu yenu kuna watu. Na mvua ikinyesha, hata ya mwezi wa saba, huko juu ipo, ule udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, ng'oeni madigadi mapema au mtembee na kijiti cha kukwangulia.

Kimara_Mwisho
Wakuu narudi na majibu. Fundi kanifungia nyuma gia yenye meno 34 na kanibadilishia waya, ile ndogo ya mbele sasa inaingia. Jana nimefunga kilo 10, unga na chupa za maji, nikatoka Gongo la Mboto nikapanda Pugu mpaka Kisarawe na kuendelea kidogo njia ya Maneromango. Mpando wa Pugu nimeumaliza bila kushuka. Lakini kwenye zile njia za vumbi zenye mabonde nimesimama mara mbili katikati, mara zote mbili nilichelewa kubadilisha gia, ni kama Mluguru alivyosema, nilikuwa nafurahia kushuka. Mara ya tatu nikabadilisha mapema, cheni ikaingia, nikapanda nimekaa mpaka juu.

Tumekubaliana Mgeta. Siku ya kwanza Moro mpaka Mlali tu na tupumzike, ya pili yote kwa ajili ya mpando mpaka Langali, ya tatu Nyandira bila mizigo, ya nne tunashuka. Jumamosi hii na ijayo tunarudi Kisarawe na mzigo kamili, tunakutana Gongo la Mboto saa kumi na moja na nusu alfajiri, anayetaka kujiunga aje na tyubu yake na pampu.